Farasi Ana Jina, Saisi Je?

Tuanze na pesa, maana zikitajwa pesa hata aliyesinzia huinua kichwa. Mnamo Julai mwaka wa 2011, picha moja ya rangi za mafuta iliuzwa mnadani jijini London kwa zaidi ya pauni milioni 22. Si picha ya mfalme, wala si picha ya vita. Ni picha ya farasi wa mashindano aitwaye Gimcrack, iliyochorwa na Mwingereza George Stubbs mnamo mwaka wa 1765. Farasi mwenyewe alikuwa wa kijivu, mdogo wa kimo, ila mbio anazo. Alishinda zaidi ya mara 20.

Nilipoitoa habari hii katika kikao cha chama chetu cha Kiswahili, darasa zima liliangua kicheko. "Milioni ngapi? Kwa farasi wa karatasi?" Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu akasema kwa bei hiyo yeye angenunua farasi wazima, uwanja wao, na chenji ibaki ya kununua basi la shule. Haya, tucheke. Lakini tukishacheka tuitazame hiyo picha vizuri. Ndani yake mna watu watatu pamoja na farasi. Mkufunzi amemshika farasi, mpanda farasi amesimama, na kijana wa zizini amepiga magoti chini, yuko kazini. Kwa mbali nyuma yao, Gimcrack huyohuyo anaonekana akikimbia na kuwaacha wenzake mbali sana. Jina la picha, ukilitafsiri, ni "Gimcrack katika Uwanda wa Newmarket, pamoja na Mkufunzi, Kijana wa Zizini na Mpanda Farasi". Farasi ana jina. Uwanda nao una jina. Watu watatu wametajiwa kazi tu.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na sanaa hii, na hapohapo ndipo lilipo penzi langu kwake. Mimi nasema kwamba picha za farasi wa mashindano zilizaliwa kwa ajili ya mali na majivuno, hilo halina ubishi. Ila picha zilizo bora miongoni mwake ni zile ambazo mchoraji alimtazama saisi kwa jicho lilelile alilomtazamia farasi. Asiyekubali na aniandikie toleo lijalo.

Kwanza tujue zilivyoanza. Waingereza walipenda mbio za farasi tangu zamani, na Mfalme Charles wa Pili, aliyerudi kwenye kiti mnamo mwaka wa 1660, aliupenda sana mji wa Newmarket kwa sababu hiyo. Baadaye wakaletwa madume kutoka Mashariki. Watatu wanajulikana kuliko wote: Byerley Turk, Darley Arabian aliyepelekwa Uingereza kutoka Aleppo, Syria, mwaka wa 1704, na Godolphin Arabian aliyefika karibu mwaka wa 1730. Farasi wote wa mbio wa aina ile iitwayo thoroughbred, popote walipo duniani, kwa upande wa baba wanarudi kwa hao watatu. (Hata neno letu "farasi" tumelipata kwa Waarabu, kwa hivyo tusijitie ugeni sana katika habari hii.)

Sasa mambo yakawa ni nasaba. Farasi aliyeshinda hakuwa na thamani ya miguu yake tu. Thamani ilikuwa katika damu yake, kwa maana akistaafu ataletewa majike kutoka kila pembe na mwenyewe atalipwa. Mwenye farasi alitaka ushahidi: ona rangi yake, ona kifua chake, ona alivyosimama. Kamera haikuwako. Basi akaitwa mchoraji. Ndivyo walivyopata kazi akina John Wootton, James Seymour, na Peter Tillemans aliyetoka Antwerp. Picha zao nyingi zinafanana. Farasi amesimama ubavu, mwili mrefu kama benchi la mkahawa, kichwa kidogo, na mbele yake yuko mtu amesimama kama msumari uliopigiliwa wa kutundikia hatamu. Picha hizo ni kama hati ya shamba. Kazi yake ni kusema: huyu ni wangu.

Karne ya 18 ilipokuwa ikiendelea, mbio zikawekewa utaratibu. Chama cha Jockey Club kikaundwa karibu mwaka wa 1750, mbio za St Leger zikaanza mwaka wa 1776, Derby ya Epsom mwaka wa 1780, na kitabu cha nasaba za farasi kikatolewa mara ya kwanza mwaka wa 1791. Kadiri mbio zilivyopata sheria na dau likawa kubwa, ndivyo picha zilivyotakiwa. Zilichongwa kwenye bamba za shaba, zikapigwa chapa na kuuzwa kwa watu wasioweza hata kununua kwato la farasi. Zikatundikwa katika nyumba za wageni kama sisi tunavyobandika picha za wachezaji mpira juu ya vitanda vyetu. Naam, hivyo ndivyo sanaa inavyopata nguvu: tajiri anaagiza moja, maskini elfu wananunua nakala.

Lakini aliyeigeuza kazi hii ni Stubbs, na kwake lazima nikae kidogo.

Stubbs alizaliwa Liverpool mwaka wa 1724, mtoto wa fundi wa ngozi. Hakutoka katika jumba la kifalme. Alipoamua kuchora farasi, hakuanza na rangi. Alianza na mizoga. Karibu mwaka wa 1756 alihamia nyumba moja ya shambani huko Horkstow, Lincolnshire, akakaa humo kama miezi 18 akichuna farasi waliokufa. Aliwatundika kwa kulabu na minyororo wakae kama waliosimama, akawapiga sindano ya nta ili mishipa isilegee, kisha akavua ngozi, akachora, akatoa msuli wa juu, akachora, akatoa wa chini yake, akachora, mpaka mifupa. Imeandikwa kwamba mzoga mmoja aliufanyia kazi kwa wiki 11. Wiki 11, jamani! Muhula mzima kasoro siku chache, na friji hakuna. Wale wanaokimbia maabara ya bayolojia kwa sababu ya harufu ya panya mmoja wamsikie huyu.

Hakuwa peke yake humo ndani. Alikuwako Mary Spencer, mwanamke aliyemsaidia katika kazi hiyo yote. Ukisoma habari za Stubbs, jina la Mary utalikuta katika mstari mmoja, kisha basi. Nami nalitaja hapa makusudi.

Stubbs alipopeleka michoro London ili ichongwe, wachongaji wakaikataa. Akajichongea mwenyewe usiku na alfajiri, mchana akichora picha za kupata riziki, na kitabu chake cha viungo vya farasi kikatoka mwaka wa 1766. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu goti la farasi. Mtazame Whistlejacket, aliyemchora kama mwaka wa 1762 kwa ajili ya Marquess wa Rockingham, bwana aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Turubai hiyo inakaribia mita 3 kwa urefu. Hakuna mti, hakuna mawingu, hakuna mtu. Ni farasi tu amesimama kwa miguu ya nyuma, na jicho lake linakutazama. Husimuliwa kwamba farasi mwenyewe alipoiona picha hiyo alitaka kuishambulia akidhani ni dume mwingine. Sijui kama tuamini, lakini hadithi tamu haikosi msikilizaji. Jumba la National Gallery la London liliinunua mwaka wa 1997 kwa pauni milioni 11.

Watu wengi husema hiyo ndiyo picha bora ya farasi duniani. Mimi sikubali, na hapa najua walimu wengine watanikunjia uso. Picha bora kwangu ni ya Hambletonian.

Tarehe 25 Machi mwaka wa 1799, Hambletonian alishindana na farasi mmoja tu aitwaye Diamond huko Newmarket, umbali wa zaidi ya maili 4, na dau la gini 3,000. Wote wawili walipigwa vibaya njiani ili waongeze mwendo. Hambletonian akashinda kwa nusu ya shingo tu. Mwenyewe, Sir Henry Vane-Tempest, akamwagiza Stubbs aichore furaha yake. Stubbs alikuwa mzee wa miaka 75. Badala ya kuchora kelele na kofia zikirushwa hewani, yeye akachora kilichofuata: farasi amechoka, masikio amelaza nyuma, kinywa wazi, mishipa imemtoka, anasuguliwa jasho. Upana wa picha ni zaidi ya mita 3. Yuko mkufunzi, na yuko kijana wa zizini aliyepitisha mkono juu ya farasi. Kijana huyo hamtazami farasi wala hamtazami bwana wake. Anatutazama sisi. Uso wake hauna tabasamu la mshindi. Ni kana kwamba anasema, "Nyinyi mmekwisha kushangilia, mimi ndiye nitakayelala naye usiku huu."

Tajiri na mchoraji wakagombana juu ya malipo, na Stubbs ikambidi aende mahakamani kudai haki yake. Akashinda. Sishangai kwamba waligombana. Bwana aliagiza picha ya ushindi wake, akaletewa picha ya uchovu wa wengine.

Na je, jina la kijana yule? Picha inaitwa "Hambletonian Akisuguliwa". Anayesuguliwa ametajwa. Anayesugua hakutajwa.

Mtu atasema, wee kijana, enzi hizo ndivyo ilivyokuwa, watumishi hawakutajwa. La hasha! Stubbs huyohuyo alichora Whistlejacket na madume wengine wawili pamoja na Simon Cobb, saisi wao, na jina la Simon Cobb limo katika jina la picha hadi leo. Iko pia picha nyingine ya Gimcrack, katika jumba la Fitzwilliam huko Cambridge, ambayo aliyempanda ametajwa kuwa John Pratt. Kwa hivyo iliwezekana. Kutaja mtu hakukugharimu hata tone la rangi.

Tuvuke bahari twende Marekani, maana huko jambo hili lina uchungu zaidi. Edward Troye, aliyezaliwa Lausanne, Uswisi, mwaka wa 1808, ndiye aliyekuwa mchoraji mkuu wa farasi wa mbio katika nchi hiyo kabla ya kamera kuenea. Alizunguka mashamba ya Kusini, na katika mashamba hayo waliolea farasi, waliowafunza na waliowapanda walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Kama mwaka wa 1835 Troye alichora farasi aitwaye Richard Singleton akiwa na watu watatu. Majina yao yametajwa: Harry, Charles na Lew. Utasema afadhali. Ngoja kwanza. Jina la picha linasema "Harry, Charles na Lew wa Viley". Viley ni bwana aliyewamiliki. Yaani wametajwa kama farasi alivyotajwa, kwa jina moja na mwenye mali.

Hata hivyo, hayo majina matatu mafupi yamefanya kazi kubwa. Kwa sababu yameandikwa, watafiti wana pa kuanzia. Mwaka wa 1864 Troye alimchora farasi Asteroid, na katika picha hiyo yumo mkufunzi aitwaye Ansel na kijana aitwaye Edward Brown. Mwaka wa 1875 Ansel Williamson, sasa mtu huru, ndiye aliyemfunza Aristides, mshindi wa Kentucky Derby ya kwanza kabisa. Aliyempanda ni Oliver Lewis, naye Mweusi. Kati ya wapanda farasi 15 wa siku hiyo, 13 walikuwa Weusi. Edward Brown naye alimfunza Baden-Baden, aliyeshinda mbio hizo mwaka wa 1877. Wote wawili, Brown mwaka wa 1984 na Williamson mwaka wa 1998, wameingizwa katika orodha ya watukufu wa mbio za farasi ya nchi hiyo. Picha ilikuwa ya farasi. Leo wapo wanaoitazama kwa ajili ya watu.

Sitaki kuwachosha na wachoraji wote. Nimtaje tu John Frederick Herring, kwa sababu wale wenzetu wanaochora matatu watamfurahia. Huyu alikuwa dereva wa gari la abiria lililovutwa na farasi, matatu ya siku hizo, na alianza kwa kuchora mapambo ya magari na vibao vya nyumba za wageni. Akaishia kuchora washindi wa St Leger kwa zaidi ya miaka 30. Baadaye Eadweard Muybridge akapanga kamera kwa safu huko Palo Alto, California, mwaka wa 1878, akaonyesha kwamba farasi anapokimbia miguu minne huondoka ardhini ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Haikunjuki mbele na nyuma kama mbawa, jinsi wachoraji walivyokuwa wakichora miaka yote. Wengine walidhani sanaa hii itakufa hapo. Haikufa. Kamera ilichukua kazi ya hati ya shamba, mchoraji akabaki na kazi ya kutazama.

Kuna mwenzetu aliyesimama katika kikao na kusema: hao ni mabwanyenye wa Uingereza na farasi wao, watuhusu nini sisi wa shule ya kutwa tunaokuja kwa miguu? Swali zuri. Walowezi walipokuja nchini walikuja na mbio zao. Uwanja wa Ngong, jijini Nairobi, unashindanisha farasi tangu mwaka wa 1954. Nani aliyewalisha farasi hao saa kumi za alfajiri? Babu yangu mzaa baba alikuwa saisi katika banda moja huko Nairobi. Nyumbani tunayo picha ya kamera ya siku hizo, nyeusi na nyeupe. Farasi amevikwa utepe, bwana ameshika kombe, bibi ana kofia. Chini limeandikwa jina la farasi na la bwana. Ukingoni kabisa unaonekana mkono ulioshika lijamu, umekatwa hapa kwenye kiwiko. Huo mkono ni wa babu. Jina lake ndilo nililopewa mimi, kwa hivyo kwetu halijapotea. Lakini mtu mwingine akiiona picha ile ataona mkono tu.

Mwingine akasema mchoraji hana kosa, alilipwa na mwenye farasi, na mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kweli. Hata hivyo, Stubbs alilipwa na watu walewale, tena walichelewa kumlipa, na bado kijana wa Hambletonian akapata uso, akapata macho, akapata nafasi sawa na ya farasi wa gini 3,000. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi. Huo si kazi ya mchoraji peke yake. Ni kazi ya yeyote anayetundika picha na kuiandikia maneno chini.

Na hapo nawageukia wahariri wa gazeti letu, bila kuwavunjia heshima. Fungueni toleo lililopita, ukurasa wa picha. Timu yetu imeshika kombe. Chini mmeandika majina ya wachezaji wote 11, la mwalimu wa michezo, la mgeni wa heshima, hata jina la kombe lenyewe. Pembeni amesimama mama mmoja mwenye aproni, ameshika sufuria, anacheka kuliko wote. Mmemwandika "na mpishi". Nimekwenda jikoni wakati wa chai ya saa nne, nikamwuliza jina lake kamili na herufi zake. Alitaka kujua kwanza kama kuna makosa yoyote. Nikamwambia hakuna, akalitaja, nami nimeliandika kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwa pini pamoja na makala haya.